Skrubu Zimetoka, na Mimi Ndiye Niliyezitoa

Leo Jumanne, hapa Nachingwea mvua imenyesha kidogo tu, ya kutuletea nzi wodini, basi. Nimeamka nimenuna. Aliyenisalimia nimemjibu, lakini kwa nusu mdomo.

Mie kusoma sijui. Anayeandika ni binti yangu Zuhura, mimi nasema yeye anabonyeza simu. Andika kama ninavyosema, mwanangu, usinipambe.

Mguu huu niliuvunja kule kwetu Nkowe, msimu wa korosho. Sikuanguka juu ya mti, wala sikugongwa na bodaboda. Nilikanyaga bibo bovu chini ya mkorosho. Mtu mzima na wajukuu zangu, naangushwa na bibo! Na msimu huo mabibo yalikuwa mengi mpaka mbuzi wameyachoka. Haya, tuyaache hayo.

Wakanipasua, wakaweka chuma na skrubu hapa juu ya paja. Daktari kijana, mpole, ana sauti ya chini mpaka unamtegea sikio. Akaniambia, "Bibi, mfupa wako umekuwa mwepesi kwa ndani. Skrubu inashika kama msumari kwenye ubao ulioliwa na mchwa. Usiukanyagie. Usichuchumae. Usikae chini mpaka nikwambie."

Nikasema ndiyo baba, nimesikia.

Nilisikia kweli. Ndiyo maana naona hasira.

Jana nimerudishwa hapa kwa maumivu, wamenipiga picha. Skrubu mbili zimetoka, chuma kimepinda upande. Daktari akaitazama ile picha weee, akaniuliza, "Bibi, ulianguka tena? Ulikaa chini?" Nikasema sijafanya kitu, nilikuwa nimelala zangu.

Zuhura hapo akapandwa na hasira. Akamwambia, "Basi mlifunga vibaya! Mama yangu nimemtunza kama yai!" Yule kijana alishika picha yake tu. Baadaye akasema kama skrubu zimetoka mtu amelala, basi mfupa hauwezi kushika chochote, hatathubutu kufunga tena hapa, itabidi nipelekwe Dar es Salaam. Na kama nitashindwa safari, nibaki hivyo hivyo.

Hivyo hivyo maana yake kitandani. Mie niliyekuwa natoka Nkowe mpaka sokoni Ruangwa kwa miguu, na kikapu kichwani.

Sasa Zuhura, hapa andika polepole.

Unakumbuka msiba wa Esha, wiki iliyopita kule Matambarale? Esha tulichezwa unyago pamoja. Tulilazwa mkeka mmoja, tukala sahani moja, tukachekwa pamoja kwa kukosea ngoma. Ulinipeleka kwa bajaji, ukanibebea na kiti cha plastiki, ukanikalisha, ukaenda jikoni kwa wenzako kusonga ugali.

Ulipogeuka tu, Bi Somoe akaanza. Unamjua mdomo wake. "Jamani, mwenzetu kaja na kiti! Huu msiba au mkutano wa kijiji? Tumletee na meza?" Wakacheka, msibani hapo hapo. Wanawake wote wako chini kwenye mikeka, mimi peke yangu juu, nimewakalia kama mwenyekiti. Na ndani amelala Esha.

Nikashuka.

Nilikaa chini nimenyoosha mguu, nikalia na wenzangu mpaka roho ikatulia. Kukaa hakukuniuma. Kuinuka ndiko. Nilisikia kitu kimesema ka! ndani ya paja, jasho likanitoka. Bi Somoe ndiye aliyenishika mkono akanirudisha kwenye kiti, na akanyamaza siku nzima, maana aliogopa. Wewe ulipotoka jikoni ukanikuta juu ya kiti, ukasema, "Umekaa vizuri, mama." Nikaitikia.

Zuhura kaacha kuandika. Ananitazama.

Usinitazame hivyo, binti yangu. Mimi mwenyewe nimejitazama tangu jana sijamaliza. Namkasirikia Somoe, nalikasirikia lile bibo, naukasirikia mfupa wangu ulioliwa ndani kimya kimya bila hata kuuma. Lakini mwisho wake najikuta nimebaki mimi na uongo wangu, na kijana wa watu anabeba kosa ambalo si lake.

Kaanza kuandika tena, na maneno yaliyompita nimemrudishia. Anasema, "Mama, nilimfokea yule daktari mbele ya wagonjwa wote." Najua. Nilikuwepo.

Kanieleza kitu ambacho jana sikukisikia kwa aibu. Daktari alisema kama ni uzito wa mwili ndio uliozing'oa, bado anaweza kujaribu. Ataweka chuma kirefu zaidi, na skrubu za aina nyingine, zile zinazojikaza kwenye chuma chenyewe, zisitegemee mfupa peke yake. Na saruji kidogo ya kuzishikilia. Saruji! Nimekuwa msingi wa nyumba.

Nimemwomba Zuhura amwambie yeye. Kakataa. "Kuandika nimekuandikia. Hilo utalisema kwa mdomo wako, mama." Halafu akavuta kile kiti cha plastiki tulichokuja nacho, akakikalia karibu yangu, akanishika mguu ule usiovunjika.

Kesho daktari akipita namwambia kabla hajafungua faili. Akikubali kunifunga tena, arobaini ya Esha nitakwenda, na kiti changu nitakaa nacho katikati ya mikeka. Somoe aseme mpaka achoke.

Esha je, angenielewa? Angenicheka kwanza. Halafu angewaambia wanisogezee kiti karibu.