Baraza Lililomkwepa Mzee

Mdogo wangu Halima,

Huku Mwika nalala na soksi kwa baridi, lakini nimenenepa kwa mtori, ile supu yao ya ndizi. Rehema wangu anachora nyumba kwa kompyuta, na programu ameiongezea ujanja alioutunga mwenyewe: nyumba inajisogeza ikwepe migomba. Mzee mwenye shamba ameapa, ukikatwa mgomba mmoja hajengi. Nikapewa simu, nibonyeze kila nifikapo kwenye mgomba ili mahali pake paingie kwenye mchoro. Mzee alisimama katikati ya migomba akiilinda, nikamhesabu naye, nikabonyeza. Mchoro ukatoka, migomba yote salama, ila baraza limepinda.

“Hapa pana mgomba gani?” Mzee akauliza.

“Ni wewe, Mzee,” nikamjibu.

Akacheka mpaka akakohoa. “Basi msilinyooshe. Nitaweka kiti changu hapo.”

Wakumbatie wanao. Dada yao Rehema akili karithi kwa nani, unajua.

Dada yako, Mama Rehema