Pikipiki Isiyo na Breki ya Mbele

Louisville, Agosti 2015

Dada Agata,

Binti yako Goreti yuko kwangu, mzima, anakula ugali kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa plasta.

Jumamosi alishindana mbio za pikipiki Columbus, kwenye uwanja wa udongo. Mimi, dereva wa bodaboda wa zamani wa Kasulu, nilipoona pikipiki yake haina breki ya mbele niliwavaa waandaaji: “Mnataka kumwua mtoto wetu!” Wakacheka. “Mzee, za hapa zote ziko hivyo.”

Kwenye mbio za wasiolipwa Goreti alianguka. Mpinzani wake Dustin, aliyekuwa nyuma, aliangusha pikipiki yake makusudi asimkanyage. Ikavunjika, na ndiyo hiyo kaka yake Dustin alitakiwa kuiendesha mchana kwenye mbio za kulipwa. Kaka huyo alipotujia nilikunja ngumi. Kumbe alileta barafu ya kumwekea Goreti mkononi.

Miaka yote naandika kwamba nchi hii haijui ujirani! Nilimkumbatia nikalia.

Ulimkataza Goreti kushindana, najua. Fomu ya ruhusa niliisaini mimi. Nigombeze utakavyo, ila Krismasi pika kingi: ndugu hao wawili nimewaalika kwako Buffalo.

Kaka yako mkosaji, mwenye shukrani,
Leopoldi