Damu Iliyolala kwenye Barafu ya Samaki

Mama Mabel, acha unachofanya usome. Sifi!

Yale majibu ya CD4 yaliyosema kinga yangu imekwisha yalikuwa ya uongo. Bodaboda aliyepeleka damu yangu Masasi aliitia kwenye boksi la barafu la samaki, akidhani anaitunza.

Leo mtaalamu wa maabara kaniambia, "Bibi, baridi iliharibu zile chembe za kinga ndani ya kichupa, mashine ikakosa za kuhesabu. Mwilini mwako zipo." Wamepima damu mpya, zimo tele!

Nimerudi Chiungutwa naimba.

Sasa sikia. Napita shambani kwangu, naona mikorosho imekatwa kwa panga kwenye magome, utomvu bado unatoka. Huu mkato mmoja, ule miwili.

Nikawauliza wanangu. Getrude hakuona hata haya: "Mmoja ni wa kaka Dickson, miwili ni yangu." Wameshanigawana, Mama Mabel! Na mimi bado nakula ugali!

Nikawaambia majibu mapya. Kisha Getrude akasema, "Na turubai la msiba tumeshaazima."

Turubai!

Dickson, niliyemzaa mimi, akampigia yule mtaalamu: "Haiwezekani hiki kipimo cha pili ndicho kilichokosea?" Akarudia kuuliza. Mimi nimekaa hapo hapo nachambua kisamvu.

Nimewapikia, wamekula wameshiba.

Yule mwenye msumeno wa mashine bado yupo Lupaso? Mwambie aje kesho. Aanze kukata mikorosho yenye mikato miwili, Getrude akiwa amesimama pale anaangalia.