Kaka Niliyemtunga

Jumatatu, 4 Machi

Kalamu Nyekundu amenirudishia mswada. Mara ya tatu hii. Ndiye mhariri wangu, na jina hilo nimempa mimi, mwenyewe hajui. Safari hii hakuchora sana. Anasema sura nane za mwanzo zinatembea, ila nizisome kwa sauti, masikio yataniambia panapochechemea. Sura ya tisa, ya mwisho, anaitaka kufikia tarehe ishirini. Na anataka kaka afe. Eti msomaji hatavumilia kungoja kitabu kizima halafu aambulie patupu. Alisema hayo huku anamenya chungwa juu ya kurasa zangu.

Kaka wa kwenye kitabu aliaga nyumbani akiwa na miaka ishirini na miwili, hakurudi. Kaka yangu pia. Miaka kumi na mmoja sasa — hakuna barua, hakuna simu, hatujui kama yu hai. Ukweli wote nilionao unaenea kwenye mistari miwili. Ndiyo maana nikatunga kurasa mia moja na themanini.

Jumatano, 6 Machi

Mama katolewa mtoto wa jicho. Jicho moja lina bandeji, la pili hataki kulichosha. Televisheni marufuku wiki mbili. Kila kitu kinamkera: redio ina kelele, mto mgumu, mimi natembea kama askari. Nikajiambia, si nimeambiwa nisome kwa sauti? Msikilizaji huyu hapa, na hawezi kukimbia.

Nilimwambia ni hadithi tu. Naliandika hili ili nikumbuke kwamba nilimwambia.

Sura mbili hakusinzia. Mama, ambaye husinzia hata harusini!

Alhamisi, 7 Machi

Leo sura ya tatu na ya nne. Kaka yuko mji mwingine, kiwanda cha mikate. Anakohoa kidogo, anachechemea kidogo. Kabla ya kunawa anakunja mikono ya shati, wa kulia kwanza, kila kunjo analipapasa kwa kiganja kama anapiga pasi. Hapo Mama akainua mkono. Nirudie. Nikarudia. Akauliza taratibu ni nani aliyenieleza. Hakuna, nikasema, nimetunga. Akasema sawa. Ile sawa yake ya kufunga mazungumzo.

Nikaenda jikoni na furaha ya kijinga. Limeingia! Mswada wa kwanza Kalamu Nyekundu aliuponda: huyu kaka haonekani, ni kivuli, mpe mwili, mpe kitu mikononi. Basi nikaokoteza. Kikohozi nilikitoa kwa jirani. Mguu niliutoa kwa fundi wa mitambo pale kiwanda cha uchapaji ninakosoma prufu, kusaka makosa kabla hazijachapwa. Mikono ya shati ni ya marehemu Baba. Waandishi sote ni wezi wa vitu vidogo vidogo, na mimi nilidhani mwenye mali hatatokea.

Jumapili, 10 Machi

Mjomba alikuja. Jua lote hili, na koti. Koti lake la mambo mazito. Akafunga mlango wa sebule, tukabaki wawili.

Mama kamwambia kila kitu. Kwamba nawasiliana na kaka. Kwamba miaka yote hii najua alipo, nimeshindwa kumwambia uso kwa uso, sasa nampitishia habari kwenye kitabu. Mjomba hakupayuka. Afadhali angepayuka. Alisema mpwa wangu, kama ana kesi tutamtafutia wakili, kama ana mke tutampokea mkwe wetu, kama hataki kutuona basi aseme kwa kinywa chake. Wewe toa namba tu.

Nikakimbia kuleta daftari langu la kazi. Ona, Mjomba. Kikohozi: jirani. Mguu: fundi. Kiwanda cha mikate: nilipita mbele ya kimoja, nikanusa. Akavaa miwani, akapekua ukurasa kwa ukurasa, akauliza kwa upole haya nimeyaandaa lini.

Nilishika tama. Kila ninachofafanua kinakuwa ushahidi. Miaka minne nimehangaika ili mtu aamini kwamba huyu kijana anapumua. Sasa wameamini, na sijui kitu hiki kinaaminuliwa vipi. Hakuna aliyenifundisha upande huo wa kazi. Mjomba alikataa chai, akaondoka.

Jumanne, 12 Machi

Nimejaribu tena. Nikamwambia Mama, ile mikono ya shati ni ya Baba. Humkumbuki Baba akinawa? Akasema anamkumbuka, amelala naye kitanda kimoja miaka thelathini. Na mtoto wa kiume aliiga kwa nani?

Hoja yake ina mashiko kuliko zangu zote.

Amekula vizuri leo. Ameomba nyongeza. Tangu lini Mama anaomba nyongeza?

Alhamisi, 14 Machi

Kwa Kalamu Nyekundu. Nimemweleza yote. Akaweka kalamu chini, jambo ambalo sijawahi kuliona, akasema kuna waandishi wanakufa hawajapata sifa kama hiyo. Akaniangalia usoni, akaomba radhi. Kisha akasema basi muue. Msomee Mama sura ya tisa, kaka anakufa, atalia, atapumzika, yatakwisha.

Hivi huyu anasikia anachokisema? Mama amlilie mwanawe kwa sababu mimi nilihitaji mwisho! Kaka akirudi kitabuni, Mama atakaa mlangoni kumngoja. Nikimwacha njiani, watasema namficha. Nilidhani mwisho wa hadithi ni wangu, nauchagua kama mtu achaguavyo kitambaa. Kumbe mwisho wowote nitakaouandika utaingia nyumbani kwetu kama habari. Na mimi habari sina. Sina!

Nikamwambia sura sitaweza kuileta tarehe ishirini. Akasema tutazungumza. Nilirudi kazini, nikapitisha prufu ya kalenda yenye Juni ya siku thelathini na moja. Msimamizi aliiona kwa bahati tu.

Jumamosi, 16 Machi

Nimefika nyumbani saa saba mchana. Mama sebuleni, kavaa gauni la safari, begi miguuni. Bandeji kaitoa mwenyewe, jicho jekundu linatoa machozi. Anakwenda kwa mwanawe. Jirani kamtajia miji mitatu yenye reli na kiwanda cha mikate karibu na stesheni, ataanza na wa karibu.

Huo mji nimeutunga. Reli niliiweka ili sura ya tano iwe na sauti.

Nikapiga magoti. Mama, sijui alipo. Nilimkumbuka, nikaandika, basi, hakuna kingine. Ningejua ningekwenda hata kwa miguu. Nililia, kilio cha kwikwi, kamasi na kila kitu, mtu mzima mimi. Akanishika kichwa. Akasema haya, mwanangu, nyamaza. Amekukataza kusema, nimeelewa. Usimvunjie ndugu yako ahadi. Siendi.

Nikashukuru Mungu. Ndiyo, nilishukuru! Angalau hasafiri na jicho lile. Akavua viatu, nikamsaidia. Kisha akaniomba jambo moja, moja tu, hatauliza tena.

"Akiugua, kuna mtu wa kumpa maji?"

Jibu ni sijui. Neno moja. Nilifungua kinywa nilitamke. Nikasikia sauti yangu inasema yupo, Mama. Mpangaji wa chumba cha pili, anashona sare za shule. Kila asubuhi humgongea ukutani, naye hugonga kujibu. Asipojibu, yule mwanamke huenda na birika. La kijani, kifuniko kimefungwa kwa uzi kisipotee.

Hayamo kwenye mswada. Hayamo kwenye daftari. Sijui yametoka wapi, yalitoka tu, na yalitoka yamekamilika.

Mabega ya Mama yakashuka. Sijayaona yakishuka hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Akafumba macho yote mawili, lile zima na lile bovu, akauliza yule mwanamke ana watoto.

Nimemwambia nakuja, nakutafutia bandeji. Niko chumbani, naandika nimesimama. Ananiita. Hana haraka, sauti yake imetulia, anauliza ni wangapi. Na mimi tayari najua ni watatu, na wa mwisho anamwita kaka yangu baba.