Mlenda wa Mama Mdogo

Jumatatu, 3 Machi
Baba ameacha chakula tena. Matonge mawili ya ugali wa uwele, kisha akanawa. "Huu si mlenda," amesema. Kama jana. Tangu tumzike mama, akahamia kwangu hapa Nzuguni, mkanda wake umetobolewa matundu mawili mapya. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimedanganya. Mlenda uleule, majani yaleyale ya sokoni Majengo, sufuria ileile. Nikamwambia umeletwa na mama mdogo, mdogo wake mama, kutoka Msalato. Baba akala mpaka akalamba vidole. "Tumbo moja, mkono mmoja," akasema.
Nimefurahi. Nimeumia pia.

Jumapili, 9 Machi
Siku ya nne ya "mlenda wa mama mdogo". Anakula, anasimulia, jana kacheka. Kumbe ulimi huonja ulichoambiwa. Nampenda mzee huyu na bado namdanganya.

Jumanne, 11 Machi
Mama mdogo kaja bila taarifa. Sikuwa nimemdokeza chochote. Baba akamshukuru kwa mlenda.
"Mlenda gani, shemeji?"
Baba akanitazama. Nikakiri palepale. Hakugomba. Akaenda kulala jua bado liko juu, chakula hakugusa. Bora angenifokea.

Jumatano, 12 Machi
Asubuhi hata uji hakunywa. Mchana nikapika mlenda, nikaweka mezani.
"Umepika wewe?"
"Mimi, baba."
Akala taratibu. "Magadi yamezidi."
Nikajisemea, haya, yaleyale, majonzi yake tu. Ndipo nikaonja. Kweli yamezidi! Wiki zote hizi kila alipolalamika nilisikia msiba. Sikuwahi hata kuchovya kidole.
Nikamuuliza, na ule wa Msalato je?
Akafikiri. "Hata ule lazima yalizidi. Sikuyasikia. Nilikuwa nausikia mkono wa mama yako."
Tukacheka. Mimi nikalia kidogo. Akanisogezea bakuli, tukamaliza pamoja.

Ijumaa, 14 Machi
Nimepunguza magadi. Kamaliza, hakusifu, hakulaumu. Alipokuwa ananawa akasema kesho anataka wali na maharage.
Mama hakuwahi kupika maharage. Yalikuwa yakimletea kiungulia.
Nimeyaloweka.