Walungu yote imenisikia

Zagabe, weye ni fundi gani!

Ulitoa silencieux, ile ya kupunguza makelele ya moteri, ku camion yangu, ukaweka tuyau ya moshi ya wazi, ukasema: «Papa Sagesse, Walungu yote itakusikia!»

Imenisikia.

Nafika ku soko ya Walungu kupakia mizigo, camion ikapiga pa! pa! pa! Watu wakazani vita imefika, wakakimbilia ndani ya migomba. Wote, Zagabe! Mama mukwe wangu na mbuzi ku mabega! Na mimi nawapungia mukono, nikizani wananishangilia.

Kisha wakarudi, wakapakia mizigo yote ku camion ya Cirhuza, shofere mwenzangu. Mama mukwe akaniambia mbele ya watu: «Mukwe, mimi napanda ile yenye haipigane.»

Narudi Bukavu bila hata mufuko moja.

Silencieux yangu ya zamani usiiuzishe. Nakuja kuikamata. Utanisikia tangu mbali.