Kuku wa Wifi Hawamtaki Kifaranga Wangu

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana hapa nyumbani wameshanicheka vya kutosha.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, naishi na mume wangu na wifi yangu mkubwa ambaye ndiye mwenye kuku wote walioko uani. Kuku wake mmoja aliatamia, mayai yote yakawa viza isipokuwa moja, likatoka kifaranga, na kabla hajatembea vizuri mama yake akachukuliwa na kicheche, basi nikamwonea huruma, nikamtia kwenye boksi la vipande vya vitambaa chini ya cherehani, nikampa jina Pamba. Shangazi, nikikanyaga pedali kwa mguu mmoja anakuja kulala juu ya ule mwingine, nikienda jikoni ananifuata, nikiingia bafuni anasimama mlangoni analia mpaka nitoke, na kusema kweli tangu binti yangu wa mwisho aolewe hakuna mtu humu ndani aliyewahi kunililia hivyo.

Balaa lilianza alipochafua gauni la mteja, la harusi, jeupe, nikafua mpaka vidole vikachubuka, na wifi akasema kuku mahali pake ni bandani, mtoe. Nikamtoa. Wenzake wakamzunguka, jike mmoja mwekundu akamdonoa kichwani, nikamnyakua nikarudi naye ndani, kesho yake wakamdonoa tena, nikamnyakua tena, ikawa ndiyo kazi yetu kila siku. Mwishowe nikasema ngoja nitumie ufundi wangu, nikamshonea kikoti cha kumkinga mgongo, satini nyekundu iliyobaki kwenye kazi ya mteja, nikakitia na vifungo vya rangi ya dhahabu, akapendeza kweli, nikamwachia bandani. Nusura wammalize. Nikaingia na rula yangu ya mbao nikamchapa yule jike mwekundu, kumbe wifi yuko dirishani ananiangalia.

"Unampiga kuku wangu anayetaga, kwa ajili ya huyo mwenye koti?" akaniuliza, na tangu hapo hatusemezani, isipokuwa amenitumia salamu kupitia mdogo wake, yaani mume wangu, kwamba mwisho wa wiki ukifika Pamba awe anaishi na wenzake, la sivyo anaingia sufuriani. Mume wangu naye anasema, "Wewe na dada mtajuana," kisha anaongeza sauti ya redio. Shangazi, nikimwacha nje atauawa, nikimweka ndani atachinjwa. Nifanye nini?

Mama Pamba

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mama Pamba. Nilijikaza nisicheke, nikafika kwenye vifungo vya dhahabu nikashindwa, unisamehe. Mwanangu, kuku hudonoa kila kinachong'aa. Umechukua kiumbe kinachoogopa midomo ya wenzake ukakipachika punje za mahindi mwilini. Kivue hicho kikoti leo hii.

Moyo wako ni mzuri, na bila wewe huyo kifaranga angefia kwenye kiota. Hilo hata wifi yako analijua, ingawa amenuna. Lakini mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wewe umelea kuku anayeijua cherehani kuliko anavyowajua kuku. Hajui kukimbia akitishwa, hajui nani wa kumpisha kwenye chakula, kwa sababu kila anapoanza kufundishwa wewe unamnyakua. Kesho anarudi akiwa mgeni upya, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Halafu ukaenda kuwachapa wenyeji. Ulitegemea wampende?

Sasa sikiliza. Tenga kona moja ya banda kwa wavu wa waya, mwekee humo boksi lake, maji na chakula, na alale humo humo. Wanamwona, anawaona, hawagusani. Chakula cha wakubwa kimwagwe kando ya wavu ili wawe wanakula pamoja. Tafuta kwa majirani kifaranga mwingine wa umri wake, hata mmoja, amfundishe ukuku. Wakubwa wakishazoea, fungua kitundu chini ya wavu, kinachompitisha yeye tu. Atatoka, atadonolewa, atarudi mbio. Hiyo ndiyo shule yenyewe. Usiingilie mpaka uone damu.

Mambo haya hayataisha wiki hii, kwa hiyo unahitaji muda, na muda uko mikononi mwa wifi yako. Nenda mwenyewe, umwache mumeo na redio yake. Mwombe radhi kwa kumchapa kuku wake, halafu mwambie, "Wifi, mimi hapa nimeshindwa, nisaidie kumkuza." Huyo si mchinjaji, ni mtu aliyepuuzwa kwenye banda lake mwenyewe. Na nyama ya kifaranga haitoshi hata supu, anajua. Yeye ndiye awe anafungua banda na kumwaga chakula. Wewe kaa mbali, maana Pamba akikuona wewe hatawatazama kuku.

Na huo ukimya wa nyumba usimtwike kifaranga. Binti yako ameolewa, hajafa. Mpigie simu, mwambie umemkumbuka, kwa maneno hayo hayo.

Siku moja utatoka uani umwite Pamba, naye ataendelea kuparura mchanga na wenzake bila kuinua kichwa. Itakuuma. Usimwite mara ya pili.